Shajara ya mradi: kuhamisha programu ya kusafisha kanda kutoka Intel kwenda chipu za Apple

Juni 2020

Apple wametangaza. Jumatatu tarehe 22, saa mbili usiku kwa saa za huku, Tim Cook alitokea kwenye video (mwaka huu hakuna ukumbi, Korona imefunga kila kitu) akasema Mac zitaachana na prosesa za Intel. Zitatumia chipu wanazozibuni wenyewe, zenye usanifu wa ARM, ukoo uleule wa chipu za iPhone na iPad. Kuhama kote wamekupa miaka miwili.

Kwa anayetumia Mac kuandika barua na kutazama picha, hii ni habari ya kupita. Kwetu ni kazi. Programu tunayoitunza inasafisha sauti za kanda za zamani: inapunguza mvumo, inaondoa milio ya tik-tik, inanyoosha kanda iliyovutika. Wateja wake ni watu wenye makasha ya kaseti: taarabu, hotuba, mawaidha, mahojiano ya wazee ambao wengi wao wameshatangulia mbele ya haki. Msimbo ni wa lugha ya C++, na sehemu ya ndani kabisa aliyetutangulia aliiandika kwa amri za Intel moja kwa moja ili iende mbio. Kwa ARM amri hizo hazina maana yoyote.

Sioni cha kulalamikia. Apple wameshahama mara mbili: 1994 walitoka kwenye chipu za Motorola za ukoo wa 68000 wakaenda PowerPC, na 2006 wakatoka PowerPC wakaenda Intel. Sababu ya safari ya pili Steve Jobs aliitaja bila kuzunguka mwezi Juni 2005: kazi inayopatikana kwa kila wati ya umeme. Mwaka 2003 alikuwa ameahidi kwamba PowerPC G5 ingefika GHz 3 ndani ya mwaka mmoja. Haikufika, na kwa joto lake haikuwahi kuingia kwenye laptop yoyote ya Apple. Safari hii aliyekwama ni Intel. Chipu zake za nanomita 10 zilichelewa miaka, huku TSMC ya Taiwan, inayowatengenezea Apple chipu za simu, ikiwa imeshavuka hadi nanomita 7 (namba ikipungua, chipu imepiga hatua).

Kuna jambo walilifanya mapema. Oktoba 2019 macOS Catalina, mfumo endeshi wa Mac wa mwaka ule, ilikataa programu zote za biti 32, tukanung'unika kama watu wote. Kumbe walikuwa wanafagia uwanja kabla mgeni hajafika.

Wametoa pia Mac mini ya majaribio kwa waandishi wa programu. Ndani ina A12Z, chipu ya iPad Pro. Unalipa dola 500 na mashine unairudisha. Tumeamua kutoomba. Tutasubiri itakayouzwa dukani, maana ndiyo watakayokuwa nayo wateja.

Agosti 2020

Xcode 12, zana ya Apple ya kuandikia programu, iko kwenye majaribio, lakini inakompaili (inageuza msimbo kuwa amri za chipu) kwa ARM hata ukiwa kwenye Mac ya Intel. Ulichokompaili huwezi kukiendesha, basi. Kwa sasa inatosha kuonyesha pa kuumia.

Mwenzangu anayeshughulikia madirisha na vitufe alimaliza upande wake mchana mmoja, akabaki kunichungulia begani. Upande wangu makosa yalijaa skrini nzima. Ukiyapanga ni mafungu mawili.

La kwanza ni zile amri za Intel, ziitwazo SSE, za kukokotoa namba kadhaa kwa pigo moja. Linachosha, lakini linajulikana.

La pili ni baya. Tuna maktaba ya msimbo inayosoma faili za kinasa sauti fulani cha kitaalamu. Tuliinunua ikiwa imefungwa, msimbo wake hatuna, na imekompailiwa kwa Intel tu. Tumewaandikia wenye mali kuuliza lini watatoa ya ARM. Wamejibu kwamba "wanafuatilia mwelekeo wa soko". Aliyewahi kununua maktaba iliyofungwa anajua hilo ni jibu la hapana lililovaa tai.

La kushukuru ni mpangilio wa baiti. Waliohamisha programu za sauti 2006 wanalikumbuka vizuri: PowerPC kwenye Mac iliandika namba kwa kuanzia baiti kubwa, Intel inaanzia ndogo, na faili la sauti lililosahaulika kugeuzwa lilitoka kama mvua juu ya bati. Safari hii pande zote mbili zinaanzia baiti ndogo na zote ni biti 64. Nusu nzima ya taabu ya wakati ule haipo.

Novemba 2020

M1 imetangazwa tarehe 10. Transista bilioni 16, nanomita 5, viini vinane (vinne vya kasi, vinne vya kubana umeme), na kumbukumbu imekaa kwenye kifurushi kimoja na chipu. Mashine tatu za kwanza ni MacBook Air, MacBook Pro ya inchi 13 na Mac mini. Kwa nje karibu hazina tofauti na za Intel zilizotangulia. MacBook Air haina feni hata moja.

Nimependa walipoanzia. Wangeanza na mashine ya mamilioni ya shilingi, hakuna mteja wetu ambaye angeiona kabla ya miaka mitatu. Wameanza na ile ambayo watu wanainunua.

Februari 2021

Air imefika, imeletwa na ndugu aliyekuwa Dubai. Jaribio la kwanza: weka programu yetu ileile ya Intel, bila kugusa chochote, uone.

macOS iliuliza kama tunataka kuweka Rosetta 2. Tukakubali. Hii ndiyo mkalimani wa Apple. Tofauti na mwigo wa kawaida unaotafsiri amri huku programu inakwenda, Rosetta 2 inaitafsiri programu karibu yote kabla ya kuifungua mara ya kwanza, kisha inaiweka tafsiri kwenye diski. Ndiyo maana mara ya kwanza ikoni ilirukaruka mpaka ukadhani imekwama, na mara ya pili ikafunguka papo hapo. Kanda ya majaribio ilisafishika haraka kuliko kwenye MacBook Pro yetu ya Intel, tena kupitia mkalimani. Nilishika tumbo la laptop, lilikuwa vuguvugu.

"Basi si tuiache hivihivi?" mwenzangu akauliza, nusu utani.

Hapana, na sababu ni mbili. Rosetta ya kwanza, iliyokuja na Mac za Intel 2006, iliondolewa kwenye Mac OS X Lion mwaka 2011. Hawa hawana desturi ya kutunza mkalimani maisha yote. Ya pili ni ya kiufundi: mchakato mmoja hauchanganyi usanifu. Programu ikiendeshwa kwa Rosetta, kila plagini (kiprogramu cha nyongeza) inayopakiwa ndani yake lazima iwe ya Intel. Ikiendeshwa kiasilia, yaani bila mkalimani, zote ziwe za ARM. Wateja wakianza kununua plagini za ARM peke yake, programu yetu itazikataa.

Kanuni hiyohiyo inatubana kwenye ile maktaba iliyofungwa. Tumeitoa nje. Sasa inaishi kwenye kiprogramu chake kidogo cha Intel, kinachoamshwa pale tu mteja anapofungua faili la kinasa kile. Programu kubwa inakipa jina la faili, chenyewe kinarudisha sampuli za sauti (namba zinazoiunda sauti) kwa bomba, kinajifunga. Ukifungua Activity Monitor unawaona wawili hawa wamepangana, mmoja kaandikiwa Apple, mwingine Intel. Si kazi ya kujivunia, ila imetufungulia njia.

Aprili 2021

Mwezi wote ni NEON, jina la amri za ARM zinazofanya kazi ya SSE: kushika namba nne kwa pigo moja badala ya moja moja. Rejista (vishikio vya namba ndani ya chipu) za pande zote ni za biti 128, kwa hiyo mistari mingi inahamia mmoja kwa mmoja. ARM inakupa rejista 32 ambapo SSE ilitoa 16, na kwa vichujio vyetu virefu hilo peke yake limesaidia. Kuna faili huria ambalo watu wameshaliandika la kugeuza amri za SSE kuwa za NEON. Tulianza nalo ili programu iwake, kisha tukaandika upya zile sehemu zinazokula muda.

Penye mtego ni kwenye makadirio. SSE ina amri ya kukadiria kinyume cha kipeuo cha pili, na jibu lake ni sahihi kwa karibu biti 12. Ya NEON inatoa karibu biti 8, halafu unatakiwa urudie hatua ya kuliboresha jibu. Sikio halikusikia tofauti. Majaribio yetu, yaliyolinganisha matokeo biti kwa biti, yaligoma karibu yote. Juu ya hapo kulikuwa na hesabu zilizotumia "long double", ambayo kwenye Mac ya Intel ni biti 80 na kwenye Mac ya ARM ni 64 tu, sawa na "double" ya kawaida. Majaribio sasa yanapima ukaribu, hayadai usawa kamili. Yalitakiwa kuwa hivyo tangu mwanzo, chipu yoyote iwayo.

Juni 2021

Ingizo hili litakuwa refu kwa sababu ndilo lenye mradi wenyewe.

Toleo la majaribio tulimpa Mzee mmoja mwenye hifadhi ya taarabu, mtu mwenye masikio kuliko kifaa chochote tulichonacho. Akapiga simu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani:

"Mwanangu, fidla inakohoa."

"Wapi, Mzee?"

"Popote. Nikirudia palepale, haikohoi tena."

Kasoro isiyorudia palepale ndiyo inayotia uchovu. Kwenye Mac ya Intel, kimya. Kwenye Air kupitia Rosetta, kimya. Kwenye Air kiasilia, ukisubiri, fidla inakohoa. Wa kwanza kushukiwa alikuwa NEON, kazi mpya. Tukaizima, tukarudi kwenye hesabu za kawaida za namba moja moja. Ikakohoa.

Programu ina nyuzi mbili zinazofanya kazi sambamba. Wa kwanza unasafisha sauti na kuiweka kwenye bafa ya duara (ghala la muda linalojazwa upya kila likifika mwisho), wa pili unaichota na kuipeleka kwenye spika. Anayeweka anaandika sampuli kwanza, kisha anasogeza alama inayosema "hadi hapa pamejaa". Anayechota anaangalia alama, anachukua hadi hapo. Ukisoma msimbo huoni tatizo.

Tatizo ni kwamba mpangilio huo ni wa kwenye karatasi. Intel inahakikisha kiini kingine kitaona maandishi hayo kwa mfuatano yalivyoandikwa: sampuli, halafu alama. ARM haitoi ahadi hiyo mpaka uiombe. Kiini cha pili kinaweza kuiona alama mpya kabla sampuli mpya hazijaonekana, na kikichota wakati huo kinachukua sauti ya mzunguko uliopita iliyokuwa imelala kwenye bafa. Kipande cha sauti ya nyuma katikati ya sauti ya sasa: hicho ndicho kikohozi cha Mzee.

Msimbo wa zamani ulikuwa umeipa ile alama sifa ya "volatile". Wengi wanaamini inatosha. Hiyo inamzuia kompaila tu asijifanye mjanja, viini vingine haiviambii kitu. Dawa ipo kwenye C++ tangu 2011: alama inakuwa "atomic", anayeweka anaisogeza kwa "release", anayechota anaisoma kwa "acquire", na hapo ile ahadi ya mfuatano inakuwa imeombwa. Mabadiliko ni ya mistari michache. Tuliacha kanda ikicheza usiku kucha, rekodi ikalinganishwa na ya asili, hakuna kilichokohoa.

Kwa nini Rosetta ilikuwa kimya? Hapa nawavulia kofia. Apple waliweka ndani ya M1 swichi inayokifanya kiini kifuate mfuatano wa Intel, na Rosetta inaiwasha kwa programu inazozitafsiri. Yaani mkalimani hakuandikwa baada ya chipu kukamilika. Chipu yenyewe ilitengenezwa ikimjua. Bila swichi hiyo Rosetta ingelazimika kuweka kizuizi karibu kila inapogusa kumbukumbu, na kasi yote tuliyoishangilia Februari isingekuwepo.

Kwa hiyo si ARM iliyoharibu programu. Ule msimbo haukuwa sahihi hata siku moja, Intel ilikuwa inausitiri. Nimeanza kusoma sehemu zote zilizobaki kwa jicho hilo: si "ARM haiwezi nini", bali "hapa tulikuwa tunategemea nini bila kuandikiana".

Agosti 2021

Jicho hilo limezaa matunda, mengine ya kuchekesha.

Taa nyekundu ya sauti iliyopita kiasi ilikuwa inawaka sauti ikipita upande wa chini wa wimbi tu. Ikipita juu, kimya. Sababu: kugeuza namba yenye desimali iliyo kubwa mno kuwa namba kamili. Intel, ukiizidishia, inarudisha -2147483648 hata kama namba ilikuwa chanya, na msimbo uliitumia hiyo kama ishara ya hatari. ARM inaishikilia kwenye kikomo chake: chanya inabaki 2147483647. Jibu la ARM lina akili zaidi, ila ishara yetu ilikufa. Kanuni ya C++ yenyewe inasema matokeo ya kugeuza hivyo hayana uhakika wowote. Sasa tunapima kabla ya kugeuza.

Hifadhi ya kiotomatiki ya kila dakika 5 nayo ilikuwa inakuja baada ya karibu saa tatu na nusu. Saa ya ndani ya mfumo, mach_absolute_time, kwenye Mac za Intel ilihesabu nanosekunde moja moja, basi kuna mtu aliona haina haja kuuliza uwiano wa pigo lake na nanosekunde. Kwenye M1 kila pigo lake ni nanosekunde 41.67. Zidisha dakika 5 kwa hizo utafika hapo. Uwiano unapatikana kwa kuuliza mfumo, sasa tunauliza.

Kugawa namba kamili kwa sifuri: Intel inaua programu papo hapo, ARM inarudisha sifuri na maisha yanaendelea. Faili lenye kichwa kilichoharibika sasa lilikuwa linafunguka kama kanda tupu. Nakiri kwa hili naipendelea tabia ya Intel, angalau inapiga kelele. Kurasa za kumbukumbu (vipande ambavyo mfumo unaigawa) ni KB 16 badala ya 4, sehemu moja iliandika 4096 kwa mkono. Imerekebishwa.

Oktoba 2021

Tumetoa toleo lenye pande zote mbili, ARM na Intel, ndani ya programu moja. Mfumo unachagua wenyewe. Mtindo ni wa tangu 1994, enzi za 68000 na PowerPC. Ukubwa haukuongezeka mara mbili kama mwenzangu alivyohofia, kwa sababu kinachorudiwa ni msimbo tu; picha na maandishi ni nakala moja. Jipya kwenye ARM ni kwamba mfumo haukubali kuendesha msimbo usio na saini ya kidijitali, hata ule uliokompaili mwenyewe dakika iliyopita. Saini ya hapohapo inatosha kwa majaribio.

Wiki hiyohiyo M1 Pro na M1 Max zilitoka. Hazikutudai kubadilisha chochote.

Juni 2023

Mac Pro yenye M2 Ultra imetangazwa tarehe 5, ya mwisho kuhama. Hakuna tena Mac mpya ya Intel kwenye orodha yao. Miaka miwili imekuwa mitatu kasoro kidogo. Safari ya 2005 waliahidi mwisho wa 2007 wakamaliza Agosti 2006.

Kwetu wateja wengi wameshahama bila kutuuliza kitu, ndivyo nilivyotaka. Wenye maktaba iliyofungwa bado wanafuatilia mwelekeo wa soko.

Julai 2025

Mwezi uliopita Apple wamesema wazi: macOS 26, Tahoe, ndiyo ya mwisho kwa Mac za Intel, tena kwa aina nne tu za 2019 na 2020. Rosetta itabaki kwa ukamilifu hadi macOS 27, baada ya hapo wataacha sehemu yake kwa ajili ya michezo ya zamani isiyotunzwa tena.

Kwa hiyo kile kiprogramu chetu cha Februari 2021 kina tarehe ya kufa. Tumeacha kusubiri majibu ya barua pepe. Mwenzangu ameanza kuisoma miundo ya faili za kile kinasa mwenyewe, kwa kurekodi sauti tunazozijua na kutazama baiti zinavyokaa. Kichwa cha faili ameshakielewa, sauti isiyobanwa inasomeka. Bado iliyobanwa, na huko ndiko ziliko rekodi nyingi za wateja.

Mzee kapiga simu kuuliza kama Mac mini yake ya 2014 tunaitupa. Nimemjibu haitupwi: mfumo wake uliishia Monterey na programu yetu bado inakompailiwa kwa Monterey. Upande wa Intel hautugharimu kitu kikubwa zaidi ya kuuendeshea majaribio kila toleo. Tutaukata siku ambayo Xcode itakataa kuukompaili, si kabla.